Dakika za Idwal

Reli iling'olewa kabla sijazaliwa.
Makaa yalipokwisha, chuma nacho kikauzwa,
ikabaki njia nyembamba ya changarawe
ikipita nyuma ya Pentre Helygen
kama mgeni akatizaye uani asibishe hodi.

Watembeaji walikuja na mabuti ya bei,
fimbo mbilimbili, chupa za maji kiunoni,
wakapita mita mia tatu tu kutoka mkate wa moto
huku wakitafuna karanga za pakiti.
Vichaka vya miiba viliwaficha kijiji,
na kijiji chenyewe hakikuwa na mdomo.

Nikatumwa nikakipe mdomo.
Mimi ni mchimba mashimo wa halmashauri:
sentimita sabini kwenda chini, zege, nguzo ya mwaloni,
kisha kibao, kisha mshale.
Mshale ni rahisi. Kilichotusumbua ni tarakimu.

Wakubwa walisema tuandike dakika,
aliyechoka haulizi mita.
Bwana mmoja akaja kutoka mjini na simu yake,
akatembea toka njiani hadi maktaba
kama anayekimbia deni.
"Nne," akasema, akaingia garini.

Tegwen Probert alisimama mlangoni mwa duka lake la mikate,
unga umempanda hadi viwiko.
"Nne za nani?" akauliza,
akaenda kumwinua babaake kitini.

Idwal: miaka themanini na sita,
mapafu yenye vumbi la mgodi ambao haupo tena,
kigari cha kutembelea, gurudumu moja likilia.
Tegwen akashika saa. Mimi nikashika nguzo.
Hatua, pumzi.
Hatua, pumzi.
Akasimama kulisonya kanisa lililogeuzwa nyumba za kupanga,
akasimama kumjulia hali paka wa akina Bevan,
akasimama pasipo sababu,
akafika, akaugonga mlango wa maktaba kwa kigari.
Kumi na moja.

"Andika hiyo," alisema sauti ilipomrudia.
"Akifika wa mwisho, wote wamefika."

Tulipima siku tatu.
Duka la mikate, saba. Zahanati, tisa, tena ya mvua.
Kituo cha basi, kumi na tatu,
na basi lilikuwa limeshaondoka.
Makaburini alikataa kwenda.
"Kule," alisema, "hakuhitaji mshale."

Kila kibao nilikiandika lugha ya bondeni juu,
Kiingereza chini, herufi kimo kimoja.
Watoto wa shule walikuja kukagua tahajia,
wakanirudisha kazini mara mbili.

Siku hizi watembeaji huingia dukani wakilalamika:
kibao kimesema saba, sisi tumetumia tatu!
Tegwen huendelea kukata mkate.
"Basi mna nne za bure," huwaambia. "Kaeni."
Nao hukaa. Huuliza yule mzee pichani ni nani.
Mmoja alikaa hadi jioni
akatengeneza bomba la jikoni lililokuwa likivuja.

Idwal alituacha Februari, barafu ikiwa bado barabarani.
Aprili nikapokea barua ya halmashauri:
vipimo vina dosari, virekebishwe.
Nimeihifadhi vizuri, kwenye sanduku la zana,
chini ya msumeno, mahali pa mafuta.

Juzi nilikuwa nakwangua kuvu kwenye nguzo ya kwanza.
Mama mmoja akatokea njiani na mtoto wake,
mtoto wa juzijuzi kwenye biashara ya miguu,
kila jiwe kwake ni la kuokotwa,
kila dimbwi lina neno la kuambiwa.
Mama akasoma kibao. Akaachia mkono.
Wakashika njia ya maktaba.

Nikajikuta natazama saa.
Paka wa akina Bevan aliwachelewesha sana.
Mlango ulipofunguka nikahesabu:
kumi na mbili.

Nilikaribia kwenda kuchukua brashi.